Kamba ya Kuanikia

Maji yalipotoka ndani, hapa Kigogo, yalituachia tope
hadi usawa wa swichi, godoro lililolewa,
na kandambili moja isiyo yetu.
Simu niliikuta uvunguni, imeshiba.
Nikaizika kwenye mchele kama walivyonishauri,
siku tatu, kilo mbili za mchele wa Kyela.
Siku ya nne tukaupika mchele.
Simu haikufufuka.

Albamu ilikuwa juu ya kabati,
ila kabati lenyewe liliogelea, likalala kifudifudi.
Kurasa zikagandana kama chapati za jana.
Nilizibandua moja moja, kwa wembe na bismillahi,
nikazisuuza kwenye beseni,
nikaazima vibanio kwa Mama Chausiku wa chumba cha mbele,
nikazianika kati ya shuka na sare za shule.

Basi ua ukajaa wageni.
Muuza maji akaegesha mkokoteni:
"Huyu mwenye suruali bwanga ni nani?"
Ni Mwinshehe, nikamwambia, kabla hajanioa.
Studio ya Mtaa wa Kongo; nyuma yake pazia
lenye ndege ya kuchorwa, inapaa haifiki.
Viatu ni vya mpiga picha. Hata saa.

Mwingine akasimama mbele ya mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa,
akavua kofia.
"Alinikopesha vitumbua. Nadaiwa mia mbili mpaka leo."
Akaitoa. Nikaikataa.
Akaiacha dirishani, akaenda zake.

Upepo ulipozigeuza, migongo ikasomeka:
kalamu ya bluu, mwandiko wa marehemu
ulioinamia mbele kama mtu aliyechelewa kazini.
*Idi Pili, 1996. Mvua ilingoja tumalize.*
*Tatu, miezi minne. Kagoma kucheka.*
*Mimi na Pazi, siku tuliyolipwa.*
Wino umevuja, lakini umevujia humohumo.

Simu haikuwa na mgongo.

Jioni Hanzuruni, kitinda mimba wangu,
akapita chini ya kamba, kidole juu, akihesabu watu.
Tatu yupo, ana meno mawili.
Kibwana yupo, kavaa gauni la dada yake, na sababu siisemi.
Akafika mwisho, kwenye kibanio kitupu.
"Na mimi?"
"Wewe uko kwenye simu."
Akaitazama pale kwenye sahani, nyeusi,
punje ya mchele imeng'ang'ania tundu la chaji.
"Nitoe, basi."

Nilimpiga picha elfu, Mungu shahidi:
kalala, kaamka, ana povu kichwani.
Nilizipiga kwa kuwa hazikunigharimu,
na kwa kuwa hazikunigharimu sikuzirudia.
Zamani kamera ilibeba thelathini na sita tu,
na kila moja tuliivalia viatu.

Kesho yake nikampigia wifi yangu wa Tandika, kwa simu ya kuazima.
Akatafuta. Salio likaisha. Akapiga yeye.
"Ninayo moja, ulinitumia kwa makosa. Mwenyewe analia."

Kijana wa kuchapa picha, Kariakoo, akaipanua kwa vidole viwili.
"Mama, imecheza kidogo. Nimfute machozi?"
"Muache nayo."
Bei ikanizidi mia mbili.
Nikafungua fundo la khanga,
Bi Mwanahawa akamalizia.

Nyumbani nikaazima kalamu ya Tatu.
Mwandiko wangu hauna mwendo kama wa baba yao,
unakaa kitako. Niliandika hivyo hivyo,
kisha nikaibana kwenye kile kibanio,
ingawa ilikuwa kavu.

Hanzuruni aliitazama mpaka shingo ikamuuma.
"Analia nini huyu?"
"Soma nyuma."
Akaigeuza taratibu, akaishika kwa kingo
kama nilivyomfundisha,
akaanza na herufi zake mwenyewe:
Ha.